Wamaori walikuwa na mkataba, na Wamasai pia: ardhi iliondokaje?

Swali la msomaji: "Mhadhiri wetu alitufundisha kwamba Wamaori wa New Zealand wana nafuu kuliko wenyeji asilia wa Australia kwa sababu moja tu: wao waliandikiana mkataba na Waingereza. Mimi natoka Narok, na Wamasai nao waliandikiana mikataba miwili, wa 1904 na wa 1911, lakini Laikipia ikaenda. Je, mkataba ulisaidia au haukusaidia? Na nitalinganishaje makoloni haya katika tasnifu yangu bila kuishia kusema huyu alikuwa mkatili zaidi ya yule?"

Jibu: Mhadhiri wenu hakukosea kuutaja mkataba, ila ameupa sifa ya kazi ambayo haukuifanya. Mkataba wa Waitangi, ulioanza kutiwa saini tarehe 6 Februari 1840, haukuzuia ardhi ya Wamaori kuondoka. Faida yake ilionekana baadaye sana. Mwaka 1975 Bunge la New Zealand lilipounda Baraza la Waitangi la kusikiliza malalamiko, vizazi vya waliotia saini walikuwa na karatasi ya kuweka mezani. Wamasai nao walikuwa na karatasi. Walichokosa ni mahakama ya kuipokea, na sababu waliyopewa walipokataliwa inastahili sura nzima katika tasnifu yako. Nitaifikia hapa chini.

Kwanza namna ya kulinganisha. Usiyapange makoloni kwa ngazi za ukatili. Utajikuta unahesabu maiti ambazo wauaji hawakuziandika popote, halafu utamsifu mkoloni aliyeficha vizuri. Fuata ardhi. Chukua shamba moja la mlowezi, uliza hati yake ilitoka kwa nani, na aliyempa alipata kwa nani, urudi nyuma mpaka umfikie mwenyeji wa mwisho aliyekuwa juu ya ardhi ile. Hapo utazame ni kitu gani kilimwondoa: mauzo, amri ya serikali ya kutaifisha, hukumu ya mahakama, au hakuna karatasi kabisa. Ukimaliza, uliza walowezi wa pale walihitaji nini. Kuna waliotaka ardhi ikiwa tupu, na kuna waliotaka ardhi pamoja na watu wa kuilima. Maswali hayo mawili yanaeleza tofauti nyingi kuliko tabia ya gavana yeyote.

Tuanze na New Zealand, maana huko karatasi ni nyingi. Mwaka 1840 karibu ardhi yote ilikuwa mikononi mwa Wamaori na walowezi walikuwa kama 2,000 hivi. Kisiwa cha Kusini kiliondoka kwa ununuzi wa serikali. Mwaka 1848 eneo kubwa la kabila la Ngāi Tahu lilinunuliwa kwa pauni 2,000, na akiba iliyotengewa wenyewe ikawa takriban ekari 10 kwa kila mtu, mahali ambapo mlowezi mfugaji alihesabu malisho yake kwa maelfu ya ekari. Kisiwa cha Kaskazini kilileta vita. Mwaka 1863 jeshi liliingia Waikato, na Bunge likapitisha sheria ya kutaifisha ardhi ya "waasi". Waikato peke yake ilipoteza takriban ekari milioni 1.2. Wapo ambao hawakupigana na ardhi yao ikachukuliwa vilevile, kwa kuwa mipaka ya utaifishaji ilichorwa kwa kufuata ubora wa udongo na njia za kijeshi.

Wanafunzi wengi huishia hapo kwenye vita. Chombo kilichoendelea kuichukua ardhi mwaka hadi mwaka, wakati wa amani, kilikuwa Mahakama ya Ardhi ya Wenyeji, iliyowekwa na sheria ya 1865. Kazi yake ilikuwa kugeuza umiliki wa ukoo kuwa hati ya watu binafsi wanaoweza kuuza. Itazame hatua kwa hatua.

Mtu mmoja wa ukoo, mara nyingi mwenye deni dukani au aliyeshawishiwa na mnunuzi, anapeleka ombi ardhi ichunguzwe. Ombi la mmoja linatosha. Tangu siku hiyo ukoo mzima, na kila ukoo jirani wenye dai, hauna hiari: asiyefika mahakamani, ardhi inagawiwa bila yeye. Kikao kinafanyika mjini, mbali na mashamba, na kinaweza kuchukua wiki au miezi. Watu wanakwenda na wazee na watoto, wanapiga kambi, wanakula kwa mkopo, wanaugua, na mazao yanaharibika nyumbani. Ramani ya mpimaji inatakiwa kabla hati haijatoka, na gharama ya upimaji inabandikwa juu ya ardhi yenyewe kama deni. Mwisho hati inatolewa kwa majina yasiyozidi 10. Kulikuwa na nafasi ya kuandika jina la kabila endapo eneo linazidi ekari 5,000, lakini ilitumika kwa nadra mno. Wale 10 ukoo uliwaona kama wadhamini wake. Kisheria walikuwa wenye mali kamili, na wenye maduka, wapimaji na mawakili walijua mlango wa kugonga. Wakiuza kumi hao, wengine mia wanaamka hawana kwao.

Malalamiko yalipozidi, sheria ya 1873 iliagiza kila mwenye haki aandikwe. Inasikika kama nafuu, na baadhi ya vitabu huisifu. Tazama ilivyofanya kazi: sasa kila mmoja alikuwa na fungu lake la kuuza, na hapakuwa na chombo chochote cha ukoo chenye uwezo wa kusema hapana. Mnunuzi alikusanya saini moja moja, kwa miaka ikibidi, kisha akarudi mahakamani kuomba fungu lake limegwe. Juu ya hayo, mahakama ilirithisha watoto wote kwa mafungu sawa, kwa hiyo kila kizazi mafungu yaligawanyika tena. Athari iko mpaka leo: ardhi inayohesabiwa kuwa ya Wamaori ni takriban asilimia 5 ya nchi, na kipande kimoja kinaweza kuwa na wamiliki mamia au maelfu, hali ambayo benki haitaki kukopesha na kujenga nyumba kunahitaji makubaliano ya watu walioenea dunia nzima.

Haya yote yalitendeka mkataba ukiwepo. Mwaka 1877, katika kesi ya Wi Parata, Jaji Mkuu Prendergast alisema mkataba ule ni batili kabisa kisheria. Kwa hiyo mtu akikuambia mkataba uliwalinda Wamaori, mwulize uliwalinda mwaka gani.

Ukishaijua mashine hii utaiona kila mahali. Marekani iliiita sheria ya Dawes, ya 1887. Ardhi ya kabila iligawanywa ekari 160 kwa mkuu wa familia, pungufu kwa mtu mzima asiye na familia, na iliyobaki ikatangazwa kuwa "ziada" na kufunguliwa kwa walowezi. Fungu lililogawiwa lilikuwa chini ya udhamini wa serikali kwa miaka 25. Udhamini ukiisha, linaanza kutozwa kodi, na kodi isipolipwa linapigwa mnada. Mwaka 1887 makabila yalikuwa na ekari milioni 138. Kufikia 1934, sheria ilipositishwa, zilibaki milioni 48. Vita vikubwa vya tambarare vilikuwa karibu vimekwisha sheria hiyo ilipoanza. Algeria, sheria ya Warnier ya 1873 ilimruhusu mlanguzi kununua kifungu kimoja kidogo cha ardhi ya ukoo, halafu kudai mgawanyo kwa kanuni za kiraia za Kifaransa na kulazimisha shamba lote liuzwe. Kenya nayo ilipata toleo lake mwaka 1954 kupitia mpango wa Swynnerton: ardhi ya Wakikuyu ilikusanywa, ikapimwa na kupewa hati za watu binafsi wakati maelfu ya wenye madai wako kizuizini, na walioshirikiana na serikali wakawa ndio wanaokaa kwenye kamati.

Australia ni tofauti kwa sababu ukirudi nyuma hati kwa hati hufiki kwa mwenyeji hata siku moja. Hati ya kwanza ni ya Mfalme. Waingereza walitua 1788 na kuichukulia ardhi kama isiyo na mwenyewe. Mwaka 1835 mtu binafsi, John Batman, alijaribu kuandikiana na wazee wa Wakulin eneo la Melbourne ya leo. Gavana Bourke alitangaza makubaliano yale ni batili, akijua kwamba kuyakubali ni kukiri kuwa wenyeji wana kitu cha kuuza. Matokeo yake, mfugaji alisogeza kondoo na risasi kwanza, na leseni ikafuata. Kule Myall Creek, Juni 1838, watu wasiopungua 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee, waliuawa kwa mapanga na wafanyakazi wa mashamba ya mifugo. Saba walinyongwa kwa kosa hilo. Kesi hiyo inakumbukwa kwa sababu adhabu ilitolewa. Mauaji mengine mengi hayakufika mahakamani.

Nadharia ile ya ardhi isiyo na mwenyewe ilidumu hadi tarehe 3 Juni 1992, Mahakama Kuu ya Australia ilipoamua kesi ya Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer. Mabo alikuwa amefariki Januari mwaka huohuo. Hapa ndipo utakapoona gharama halisi ya kukosa mkataba: iko kwenye mzigo wa ushahidi. Kwa sheria ya 1993, kabila linalodai ardhi lazima lithibitishe kwamba limeendelea kushika mila na sheria zake kuhusu ardhi ile, bila kukatika, tangu Uingereza ilipojitangazia mamlaka. Na popote serikali ilipotoa hati ya umiliki kamili, dai limekufa. Wayorta Yorta wa bonde la mto Murray waliwasilisha dai lao 1994. Jaji alipata waraka wa 1881 ambamo babu zao 42 walimwomba gavana ardhi ya kulima, wakieleza kwamba sehemu zao za kuwinda zimechukuliwa, akauhesabu kuwa ushahidi kwamba kufikia wakati huo walikuwa wameacha maisha ya kimila. Desemba 2002 Mahakama Kuu ikathibitisha kushindwa kwao. Walifukuzwa, wakalalamika kwamba wamefukuzwa, na lalamiko likatumika dhidi ya wajukuu zao. Siwezi kuita hiyo haki, hata kama kila hatua ya hukumu ina kifungu chake cha sheria.

Sasa Laikipia. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamasai kutoka Bonde la Ufa, wakapewa maeneo mawili, moja kusini na moja Laikipia, yawe yao kwa muda wote ambao Wamasai watakuwepo kama kabila. Muda huo ulidumu miaka saba. Mkataba wa 1911 uliwataka wa Laikipia wahamie kusini, na watu na mifugo mingi ikafia njiani. Parsaloi ole Gilisho na wenzake walishtaki. Mwaka 1913 mahakama ya Himaya ya Afrika Mashariki ilitupa kesi yao bila kusikiliza kiini chake: Wamasai, ilisema, si raia wa Uingereza, ni kama dola ya kigeni iliyo chini ya ulinzi, mkataba wao na Mfalme ni mkataba wa dola na dola, na mahakama za kawaida haziamui mambo ya namna hiyo. Mahakama ya Rufaa ikakubali.

Weka hukumu hiyo kando ya ile ya Wacherokee. Mwaka 1831 walikwenda Mahakama ya Juu ya Marekani kulizuia jimbo la Georgia lisitumie sheria zake katika ardhi yao. Ili wasikilizwe moja kwa moja pale, ilibidi wawe dola ya kigeni. Jaji Mkuu Marshall alisema wao si dola ya kigeni, ni taifa tegemezi lililomo ndani ya Marekani, na kesi ikatupwa. Wacherokee walishindwa kwa sababu hawakuwa wageni. Wamasai walishindwa kwa sababu walikuwa wageni. Mwaka 1832, katika kesi ya mmisionari Worcester, mahakama ileile ilisema sheria za Georgia hazina nguvu katika ardhi ya Wacherokee. Haikusaidia: miaka sita baadaye jeshi liliwaswaga kwenda magharibi, na takriban 4,000 kati ya 16,000 wanakadiriwa kufa.

Na Kenya haikuishia 1913. Sheria ya Ardhi za Kifalme ya 1915 iliifanya ardhi yote ya Waafrika kuwa ya Mfalme, na nchi ikawa koloni 1920. Mwaka 1921, katika kesi ya Wakikuyu, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba wenyeji ni wapangaji wa Mfalme, wanaokaa kwa ridhaa yake tu. Ndani ya miaka minane, mwenyeji wa nchi moja alikuwa dola ya kigeni alipotaka kushtaki, na mpangaji alipotaka kubaki. Huu ndio ulinganisho ningeujenga tasnifu juu yake, kwa sababu unaonyesha kwamba hadhi ya mwenyeji ilichaguliwa kulingana na ombi alilokuja nalo.

Swali la pili, la ardhi na mikono, linaeleza kwa nini Kenya haikufanana na Australia ya kusini. Walowezi wa Kenya hawakuwahi kufikia hata asilimia moja ya watu. Karibu na uhuru walikuwa takriban 60,000 kati ya zaidi ya milioni 8, wakiwa na zaidi ya ekari milioni 7 za Nyanda za Juu. Shamba kubwa bila vibarua ni pori. Ndiyo maana kodi ya kibanda ilipaswa kulipwa kwa fedha, ndiyo maana rizavu, yaani maeneo waliyotengewa wenyeji, zilifungiwa mipaka zisitanuke, na ndiyo maana kuanzia 1919 na 1920 kila mwanamume wa miaka 16 na kuendelea alivaa kipande shingoni, chenye alama za vidole na maandishi ya mwajiri. Asiyeandikwa kuwa ameruhusiwa kuondoka alikamatwa kama mtoro. Maskwota walikaa kwenye ardhi iliyokuwa yao kwa kulipa siku za kazi.

Kanada ilitaka ardhi tupu, kwa hiyo karatasi yake inasomeka vingine. Mkataba namba 1, wa Agosti 1871, uliwapa wenyeji ekari 160 kwa familia ya watu watano. Mwaka uliofuata sheria ya ardhi ikampa mlowezi mmoja ekari 160 hizohizo kwa ada ya dola 10. Mikataba hiyo ya namba pia iliahidi malipo ya mwaka, kwa kawaida dola 5 kwa kila mtu, ambayo hayakuongezwa, na hata leo afisa wa serikali huyatoa kwa noti mkononi. Baada ya maasi ya 1885 wenyeji wa tambarare hawakuruhusiwa kutoka rizavu bila cheti cha wakala wa serikali, ingawa hakuna sheria yoyote iliyoagiza cheti hicho. Kipande kilimtoa mtu rizavu akafanye kazi. Cheti cha Kanada kilimzuia asitoke. Vyote viwili ni vikaratasi vya ruhusa, na mahitaji yaliyoviunda yanapingana. Tena kuanzia 1927 hadi 1951 ilikuwa kosa la jinai Kanada kuchangisha fedha kwa ajili ya dai la ardhi la wenyeji bila idhini ya serikali. Mtu anaposema "mbona hawakushtaki mapema," mwonyeshe kifungu hicho.

Watoto wanahitaji sura yao, na humu nitagusa tu. Pale ardhi tupu ilipotakiwa, watoto walichukuliwa ili kabila lenyewe lisiwe na wa kudai kesho: Kanada takriban watoto 150,000 walipitia shule za bweni, na Australia waliondolewa kwa wazazi wao kwa amri za bodi za ulinzi hadi miaka ya 1960 na kitu. Kenya haikuwa na mpango wa aina hiyo. Ilihitaji wazazi na watoto wabaki rizavu, ili mshahara wa kibarua uwe mdogo na chakula cha familia yake kitoke kwenye shamba la mke wake.

Turudi kwenye nafuu aliyoitaja mhadhiri wenu. Ipo, na inatokana na mlango uliofunguliwa baadaye. Mwaka 1985 Baraza la Waitangi liliruhusiwa kuchunguza malalamiko ya tangu 1840, na kuanzia hapo Waikato-Tainui walilipwa thamani ya dola milioni 170 za New Zealand mwaka 1995 na kuombwa radhi na Malkia, na Ngāi Tahu kiasi hichohicho 1998. Jua pia mlango huo ni mwembamba kiasi gani: tangu 1993 Baraza haliwezi kupendekeza ardhi ya mtu binafsi irudishwe, na mashamba mazuri ya Waikato yamo mikononi mwa watu binafsi. Marekani, Wasioux walishinda 1980 kuhusu milima ya Black Hills, wakapewa takriban dola milioni 106, na mpaka leo hawajazichukua, kwa sababu wanataka milima.

Kenya, serikali mpya ilirithi hati za walowezi na kuziheshimu. Mashamba yalinunuliwa kwa mikopo, na familia zilizopewa viwanja katika mpango wa ekari milioni moja zikatakiwa kulipa deni la ardhi ambayo wengine walikuwa wamefukuzwa humo. Sheria iliyoufanya msitu kuwa wa serikali ilibaki pia. Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau, waliipeleka serikali ya Kenya hadi Mahakama ya Afrika, Arusha, na kushinda tarehe 26 Mei 2017. Juni 2022 mahakama ikaamuru walipwe shilingi milioni 157.85 na ardhi yao ya mababu itambuliwe na kupewa hati ya pamoja. Hukumu hiyo isome kwa makini ukiwa na ile ya 1913 mkononi, kwa sababu Arusha ilikubali kusikiliza kile kilichokataliwa kusikilizwa wakati ule: kiini cha dai.

Kwa utafiti wako, ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter kati ya 1932 na 1934 ulichapishwa katika majuzuu matatu, na ndani yake wazee wanataja mito, vilima na mipaka kwa majina. Ripoti za Baraza la Waitangi zinapatikana bure mtandaoni. Chagua eneo moja kila upande, kwa mfano Waikato na Laikipia, ufuate karatasi zake kuanzia mwanzo. Maeneo mawili yaliyochimbwa hadi chini yatakupa tasnifu bora kuliko nchi sita zilizopitiwa juujuu.